Upanga wa Mwezi wa Kumi na Mbili

Niimi, 20 Februari 1983

Dada Shizue,

Natumaini baridi ya Tokyo haijalikamata lile goti lako la kulia. Huku theluji imefika dirishani na figili tulizozitia chumvi zimeganda kwenye pipa. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi, kwa hiyo ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila sina usingizi.

Najua hatujaandikiana tangu tulipomzika Baba. Mimi nilipewa upanga kwa kuwa ni mtoto wa kiume, wewe ukabeba msumeno mmoja kutoka karakana yake, ukaondoka bila kuaga. Yaliyopita tuyaache. Nina shida.

Ozeki kinyozi, huku amenishikia wembe shingoni, amesema mbele ya wateja kwamba jina lililochongwa kwenye upanga wetu ni la uongo. Upanga wa Tomokiyo wa Osafune, yule mfua panga wa kale! Jina ambalo Baba alitusomea kila mwaka mpya! Nikaapa palepale, povu usoni, kwamba mwezi wa saba waamuzi wa panga wakija Okayama nitaupeleka wauthibitishe. Nikirudi bila cheti, uenyekiti wa chama chetu cha wapenda panga namwachia Ozeki. Dada, kile kiti ndicho kitu pekee nilichowahi kushinda maishani.

Wewe kazi yako ni kusoma maandishi ya panga. Nimevua mpini, nimelaza karatasi nyembamba juu ya mkia wa upanga, pale penye jina, na kuisugua kwa wino mkavu kama Baba alivyotufundisha. Nakala imo humu. Nilitaka kwanza kuondoa kutu kwa waya wa kusugulia sufuria ili usome kwa raha, lakini Mama aliniwahi na ufagio. Akaniambia, "Uache kama ulivyo, na huyo Shizue mwache apumzike."

Niandikie neno moja tu: kweli.

Mdogo wako,
Katsuji

*

Tokyo, 3 Machi 1983

Katsuji,

Goti ni bovu kama kawaida. Mshukuru Mama kwa ule ufagio. Kutu ya mkia ndiyo umri wa upanga, ewe mwanamume! Anayeisugua ni sawa na anayemwosha bibi kizee kwa tindikali ili aonekane msichana. Ukiugusa kwa waya nitapanda treni nije nikusugue wewe.

Sasa nakala. Umetaka neno moja. Ninalo, ila si hilo ulilotaka.

Kwanza, kingo za herufi ni kali. Jina la miaka mia nne hulainika, kutu hulijaza mpaka shimoni. Hili limechongwa juu ya kutu iliyokwisha kuwapo, kama mtu anayetia sahihi kwenye ukuta mkongwe. Pili, tindo imeteleza kwenye mkwaju, yaani mstari, wa mwisho wa jina, na fundi mkubwa kama Tomokiyo hatelezi kwenye jina lake mwenyewe. Tatu, na hapa nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta, ni tarehe. "Siku njema, mwezi wa kumi na mbili." Mafundi wa zamani walikuwa wakiandika mwezi wa pili au wa nane. Walifua upanga mwezi wa sita huku jasho likiwatiririka, na bado wakaandika wa nane, kwa sababu ndivyo ilivyopendeza. Miezi mingine ipo, siikatai, lakini ni nadra. Huyu mghushi wako hata desturi hakuijua! Aliandika mwezi kama karani wa stesheni.

Nchi hii imejaa wanaume waliokalia majina. Hawautazami upanga, wanatazama sahihi. Hawaonji pombe, wanasoma lebo. Upanga wenyewe kwa umbo si mbaya, Katsuji. Ni kazi ya fundi fulani mwaminifu aliyekufa bila kujiandika. Hilo halikutoshi?

Mpe Mama salamu zangu.

Dada yako,
Shizue

*

Niimi, 15 Machi 1983

Dada,

Wote wazima.

Ulikuwa unangoja. Sema kweli. Umekaa huko miaka yote hii ukiomba siku ifike uniambie kwamba nilichorithi ni takataka. "Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta." Hongera kwa kicheko.

Jina hili ndilo lililokuwa ukutani siku niliyozaliwa. Babu, baba yake Mama, aliyekuwa hamsalimii mtu asiye na ghala la mchele, aliuinamia upanga huu kila alipokuja kwetu. Hakumwinamia Baba fundi misumeno, alimwinamia Tomokiyo. Sasa kwa karatasi moja iliyosuguliwa wewe unataka kuniambia kwamba Babu aliinamia hewa?

Nimemsomea Mama barua yako. Amenyanyuka akaenda kutazama kuku. Hatuna kuku.

Mdogo wako,
Katsuji

*

Tokyo, 28 Machi 1983

Katsuji,

Maua ya micheri yameanza kufunguka huku, nami nina mafua. Natumaini kuku wa Mama hawajambo.

Unaniona mchawi. Haya, nikupe na dawa. Upanga wenye jina la uongo haupewi cheti, hata uwe mzuri namna gani. Lakini jina likiondolewa, waamuzi wanautazama upanga wenyewe, na huu wa kwetu unaweza kupita kama kazi isiyo na jina. Wenye panga wengi wamefanya hivyo. Chukua tupa ya Baba, ufute jina na ile tarehe ya kipuuzi. Utapata cheti chako, Ozeki atanyamaza, na ukuta wetu utakuwa na kitu cha kweli kwa mara ya kwanza.

Au ung'ang'anie uongo, umpe kinyozi kiti chako. Chagua: heshima au jina. Wanaume wengi hufa hawajui kwamba hivyo ni vitu viwili.

Dada yako,
Shizue

*

(Kadi ya posta)

Niimi, 2 Juni 1983

Dada, sote wazima, mpunga tumeshapanda. Nimefikiri miezi miwili. Umeshinda. Jumapili nautia tupa. Usiniandikie maneno ya kufurahi, sitayasoma.
Katsuji

*

(Kwa haraka)

Tokyo, 4 Juni 1983

Katsuji, ndugu yangu, USIFUTE!

Sina muda wa kuuliza afya ya mtu. Weka tupa chini. Kama imo mkononi sasa hivi, itupe nje kupitia dirishani.

Kadi yako imefika asubuhi hii. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikachukua nakala yako niiage. Nikautazama tena ule mkwaju uliopotoka, na safari hii nikatazama chuma kilivyosukumwa. Tindo ilitoka upande wa kushoto. Aliyechonga alitumia mkono wa kushoto.

Msumeno wa Baba uko ukutani jikoni kwangu. Kila mgeni huuliza kwa nini nimetundika msumeno juu ya jiko, nami huwajibu kwa ukali ili wasirudie. Nimeushusha. Nikaweka karatasi juu ya mkia wake, pale Baba alipokuwa akichonga jina lake, nikasugua kwa wino. Nikaziweka nakala mbili pamoja mezani.

Ni mkwaju uleule, umesukumwa vilevile kutoka kushoto.

Ni Baba, Katsuji. Tomokiyo wetu wa Osafune ni Yoshizo fundi misumeno wa Niimi. Miaka thelathini nasoma mikono ya watu waliokufa zamani, na wa baba yangu mwenyewe nimeuita wa karani wa stesheni.

Sijui kwa nini alifanya hivyo. Usifute mpaka tujue.

Shizue

*

Niimi, 14 Juni 1983

Dada Shizue,

Mvua za msimu zimeanza, matandiko yote yana ukungu, na goti lako nalionea huruma hata kutoka huku. Barua yako ya haraka ilifika haraka kama vitu vyako vyote: Jumatatu. Tupa niliipitisha Jumapili.

Usizimie. Soma mpaka mwisho.

Nilikaa kibarazani, nikaubana upanga, nikaanza juu kwenda chini. Jina lilipokwisha Mama akatokea na bakuli la supu. Akasimama.

"Unalifanya nini jina la baba yako?"

"Si la Baba, Mama. Ni la Tomokiyo, na lenyewe la uongo."

Akacheka, dada. Alicheka mpaka meno ya bandia yakatumbukia kwenye supu, akayaokota, akayarudisha, akaendelea kucheka.

"Tomokiyo gani? Mimi ndiye niliyemshikia!"

Basi akakaa akaniambia. Babu alikataa katakata. Binti yake hataolewa na fundi misumeno, labda nyumba iwe na upanga wenye jina. Baba akanunua mmoja kwa muuza vyuma chakavu, hauna hata alama. Wakauweka kwenye fuawe, Mama akaufunga kwa mshipi wa kimono yake usirukeruke, akaushika kwa mikono miwili.

"Pale penye kuteleza ni mimi," akasema. "Nilipiga chafya. Baba yako akanitukana, tusi lake la kwanza kwangu. Nikajua huyu ni mume."

Nikamuuliza, na tarehe je? Shizue anasema ni ya kipuuzi.

"Nilimwambia aandike na mwezi, baba yangu alipenda tarehe. Akaniuliza, mwezi gani? Nikamwambia, mwezi huu tulionao, kwani upo mwingine? Ulikuwa wa kumi na mbili. Hata wiki haikuisha tukaoana."

Kwa hiyo, ewe msomi, katika upanga mzima kitu kimoja tu kilikuwa cha kweli, nacho ndicho ulichokicheka. Mama alininyang'anya tupa kabla sijaifikia tarehe. Tarehe ipo. Vumbi la jina nimelifunga kwenye karatasi, limo humu ndani ya bahasha. Ulifungue taratibu, na usipige chafya. Kwetu ni ugonjwa wa ukoo.

Mwezi wa saba siendi Okayama. Uongo wa mke na mume haupelekwi kwa waamuzi. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Ozeki, nikamwachia uenyekiti mbele ya wateja. Alishtuka, akanikata sikio. Sasa ananinyoa kwa upole kama mjane, wala hafurahi. Alitaka vita, masikini.

Upanga umerudi ukutani. Mama anauliza kama ule msumeno bado una meno. Anataka uulete tuvitundike pamoja, kwa sababu anasema mkono mmoja usikae nyumba mbili. Njoo kwa sikukuu ya wafu, mwezi wa nane. Kama kazi au goti litakuzuia, njoo mwezi wowote utakaoweza, dada. Tutaandika wa nane.

Mdogo wako,
Katsuji