Mama, Deus Atajipikia Mwenyewe

Mama,

Shikamoo. Nimekukasirikia mpaka chakula hakipiti kooni, lakini shikamoo yako ni haki yako. Ulinifundisha mwenyewe na siwezi kuiacha.

Nakuandikia kutoka huku kwangu Usinge. Watoto wako shule na baba yao yuko shambani anapalilia tumbaku, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka mchana. Padre aliniambia nikiwa na neno moyoni nikuombee. Nimejaribu, Mama. Kila nikianza sala inageuka ugomvi. Nimeona bora nigombane na wewe kwa kalamu kwanza, halafu tuone kama sala itarudi.

Habari za nyumbani najua unazitaka. Nyumba ya Ipuli, pale Tabora, ipo. Kuku wako wameisha: wengine walichinjwa msibani, waliobaki wakafagiliwa na kideri kwa sababu mwanao hakujua kwamba kuku wanachanjwa. Mpapai wa uani umezaa vizuri. Na Deus ni mzima. Najua ndiye uliyetaka kumuulizia tangu mstari wa kwanza, mimi ukaniacha nimalizie habari za kuku. Ni mzima, amekonda, na hajaoa. Hilo la kutokuoa ni kazi ya mikono yangu, nitakueleza.

Lakini kwanza nikwambie ulivyokufa, maana nadhani hujui.

Asubuhi ile ulimeza dawa yako ya sukari kama kawaida. Kabla hujawasha jiko ukasikia kizunguzungu, ukarudi kitandani ujilaze kidogo. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia kwamba dawa ile haitaki tumbo tupu. Mchana Deus akarudi kutoka kwenye kibanda chake cha Isevya, anakotengenezea simu za watu, akakuta mezani hakuna kitu. Akakuchungulia chumbani. Akakuona unatetemeka na shuka imelowa jasho. Ndipo akanipigia.

Mimi nilikuwa kwenye bani la kukaushia, nafunga tumbaku. Nikapokea simu na mikono imejaa gundi ya majani. Hakuniambia kwamba unaumwa, Mama. Aliniambia, "Dada, Mama hajapika."

Mpaka leo nikiwa nakoroga uji wa watoto maneno hayo yananijia, naacha mwiko ndani ya sufuria natoka nje kupumua.

Nilimuuliza una hali gani, akanieleza hilo jasho na kutetemeka. Nikapiga kelele kwamba akukorogee sukari kwenye maji, akunyweshe upesi. Akaniuliza sukari inakaa wapi. Mtu mwenye ndevu, amezaliwa na kukulia ndani ya nyumba ile, anauliza sukari inakaa wapi! Nikamwambia iko kwenye kopo la bluu nyuma ya ndoo ya unga. Akasema halioni. Mtandao wa huku unaujua, simu ikakatika. Nilipompata tena alikuwa barabarani, anatoka kununua chipsi. Alikuwa amefikiria, masikini, akaona kwamba kama Mama hajala basi anahitaji chakula, na chakula anachokijua yeye bila wewe ni chipsi. Alikula nusu yake akitembea. Nusu akakubakizia. Alipoingia chumbani ulikuwa huitiki tena.

Jirani ndiye aliyekubeba kwenye bajaji yake. Hukuamka. Mimi nilifika kesho yake nikiwa na matope ya Usinge miguuni, nikaambiwa umeshafunikwa. Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba anachosema kitaniumiza. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Kijiko kimoja kingesaidia.

Ile nusu ya chipsi niliikuta mezani, imefungwa vizuri kwenye karatasi, bila pilipili kwa sababu anajua huli pilipili. Huwezi kusema kwamba Deus hakupendi. Ungemwomba figo angetoa. Hakujua tu kukupa kijiko cha sukari, na aliyehakikisha kwamba hajui ni wewe.

Usinikatize. Maisha yako yote ulinikatiza.

Baba alipofariki Deus alikuwa bado ananyonya, na mimi nilikuwa darasa la pili. Toka siku ile ukatugawa. Mimi ukanipa ndoo, jembe na mwiko. Yeye ukampa mgongo wako, na hata alipokuwa mkubwa hukumshusha. Ulikuwa unamchambulia miba ya samaki, mgebuka, akiwa kidato cha nne. Ulikuwa unampelekea maji bafuni, unamtolea nguo kitandani, unamkumbusha kuvaa soksi. Nikinung'unika ulikuwa na jibu lako moja: "Wewe ni wa kuondoka, Mage. Huyu ndiye wa kunizika."

Unaikumbuka siku niliyoshikwa na malaria, nikawa siwezi hata kukaa? Deus alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Aliingia jikoni mwenyewe bila kuambiwa, akabandika maji, akaanza kusonga ugali. Nilikuwa namsikia kutoka kitandani anavyohangaika na lile sufuria, linazunguka juu ya mafiga, anacheka peke yake. Ukatoka kanisani ukamkuta. Ulimnyang'anya mwiko ukasema, "Mtoto wa kiume anasonga ugali na dada yake yupo? Watu wataniambiaje?" Ukaja kuniamsha. Nilisonga ule ugali nimeegemea ukuta, meno yanagongana kwa homa, na Deus amekaa sebuleni anaangalia mikono yake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alitaka. Yule mtoto alitaka kujua, Mama, na wewe ukamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Basi amekuzika, kama ulivyotaka. Amekuzika kabla ya wakati.

Na msiba wako ulikwenda kwa mpango wako uleule. Deus alikaa jamvini na wazee akipokea pole, ameletewa mpaka maji ya kunawa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na masufuria ya kukodi, napima mchele, moshi machoni. Walipokuja kuniita kwamba jeneza linafungwa nilikuwa naepua maharage. Sikupata kukulilia sawasawa. Na akina mama wakawa wananisifu: jamani Mage ana mkono mwepesi, mama yake amemlea, amemfunza kujitegemea. Nilitaka kuwamwagia mchuzi. Hukunifunza kujitegemea. Ulinitumikisha, na kujitegemea nikajiokotea hukohuko, kama mtu anayeokota kuni njiani akitoka kisimani.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao. Mjomba, kaka yako, ndiye aliyekiongoza. Ajenda ilikuwa moja: nani atamhudumia huyu mtoto. Walisema hivyohivyo, "huyu mtoto", na mtoto mwenyewe amekaa pembeni anatengeneza simu ya Mjomba. Anaweza kuifungua simu vipande vipande na kuirudisha ikaita, lakini hakuna aliyeona ajabu kwamba hawezi kuwasha jiko la mkaa. Mjomba akaniambia nibaki Ipuli, mume wangu ataelewa. Nikasema hataelewa, na mimi pia sielewi. Ndipo wakakumbuka yule binti wa Nzega uliyempenda kwenye kongamano la kanisa, Vero. Wakasema ulishamchagua, kwa hiyo kumwoa ni kutimiza wosia. Wote wakafurahi. Nyumba imepata mpishi.

Mama, sikubisha. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshaona mlango.

Tulikwenda Nzega kupeleka posa. Mjomba na wazee wakakaa barazani na baba yake Vero. Mimi, kwa adabu uliyonifundisha, nikaomba niende jikoni kumsaidia mama mwenye nyumba. Nilimkuta anapepeta mchele. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, nikimwita mama kwa Kinyamwezi chako, akanipa ungo wangu. Tukaanza kupepeta na mimi nikaanza kusema. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia habari za miba ya mgebuka, maji ya bafuni, na soksi. Nilimwambia maneno ya kwenye simu. Nilimwambia habari za kopo la bluu, na kwamba kopo lenyewe nililikuta palepale nyuma ya ndoo, mtu angenyoosha mkono tu.

Hakusimamisha ungo wake. Nilipomaliza akasema, "Mayu, mimi nimemaliza kulea. Na mwanangu sitaki aanzie kwa mtu mzima."

Posa ilikataliwa kwa heshima. Tulirudi Tabora, Mjomba akinikodolea macho njia nzima. Alikuja kujua, kwa sababu mambo ya jikoni hayakai jikoni. Akaniita akasema nimekuaibisha wewe marehemu kaburini, nimeanika siri za nyumba yetu kwa watu baki. Nikamwambia ndiyo, Mjomba, nimemwaibisha. Hakutegemea jibu hilo. Akaapa hatanisemesha tena, na toka siku ile salamu yangu anaipokea kwa kuangalia pembeni tu.

Watu watakaosikia watasema Mage alimhurumia yule binti. Nilimhurumia, ndiyo, kidogo. Kubwa lilikuwa kukukomoa wewe. Ulifikiri utakufa na bado utamwekea mwanao mtu wa kumchambulia samaki. Nikakukatia hapo.

Deus hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akaniuliza, "Dada, sasa nitakula nini?" Nikamwonyesha jiko lilipo, mkaa ulipo, unga ulipo. Sukari sikumwonyesha, alikuwa anajua sasa. Nikapanda basi nikarudi kwangu. Alinipigia siku zile za mwanzo mfululizo, sikupokea. Nilikuwa naiangalia simu inavyoita na roho yangu imetulia. Usinione mbaya. Au nione hivyo, sijali.

Akawa anakula kwa mama lishe wa pale Isevya mpaka mama lishe akafiwa akasafiri. Ndipo njaa ikamwingiza jikoni. Nilianza kupokea simu zake, nikawa namjibu anachouliza na si zaidi. Chumvi inawekwa lini? Ukishabandika. Mkaa hauwaki. Puliza. Wiki iliyopita alikuta ile michembe ya viazi uliyoanika mwaka jana, iko kwenye gunia juu ya dari. Unajua alichofanya? Alijaza sufuria pomoni, akatia maji kidogo, akafunika na jiwe juu ili mfuniko usianguke. Mtu yeyote wa kwetu anajua viazi vikavu vikikutana na maji moto vinavimba. Vilivimba vikasukuma jiwe na mfuniko, vya juu vikamwagikia jikoni, vya chini vikaungua. Majirani wakaja mbio na ndoo wakifikiri nyumba inateketea.

Alinipigia akiwa anacheka. Sijamsikia akicheka tangu ufe. Akasema, "Dada, vya katikati vimeiva. Nimevila na karanga." Halafu akaniuliza, "Hivi kwa nini Mama alikuwa hataki niingie jikoni?"

Sikuwa na jibu lisilokutukana, nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata simu nikalia, Mama. Nililia kile kilio nilichokiacha kwenye masufuria ya msiba. Nililia kwa hasira na kwa kukukosa, vyote pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Nimewaza sana jibu lake. Nadhani uliogopa. Mume alikwenda, mimi ulijua nitakwenda, ukaona mtoto asiyejua kujipikia hawezi kwenda popote. Ulimfunga kwa sahani. Hata mimi mwenyewe wangu wa kwanza anapoaga kwenda bweni nahisi kitu kinanivuta niseme baki. Lakini simnyimi moto wala maji kwa ajili hiyo. Wanangu wote wanapika, wa kike na wa kiume, na ulipokuja huku ukawafukuza wavulana jikoni niliwarudisha ulipogeuza mgongo. Hilo nalo nimekuambia leo ili likuume.

Sasa nikuage, jua limeshapanda na kuna magugu yananisubiri.

Misa yako ya mwaka inakaribia. Mjomba amevunja kiapo chake cha kutonisemesha kwa ajili ya kuniagiza nije mapema na wanawake wenzangu kuandaa chakula. Nimemjibu nitakuja. Ila nitakuja na kitenge kipya, nitakaa jamvini pamoja na wazee, na atakayepika ni Deus. Nimeshamwambia mwenyewe, akashtuka, kisha akaniuliza ugali wa watu wengi unatiwa maji kiasi gani. Nimeanza kumfundisha kwa simu. Namfundisha vizuri, kwa uchungu wote nilionao.

Hii ndiyo ahadi yangu kwako, Mama. Siku hiyo sitaingia jikoni, hata wazee wakinifokea mbele ya Padre. Ugali ukiwa na madonge ya unga mbichi wataula na madonge yake, na Mjomba atapakuliwa wa kwanza. Wewe lala. Umechoka, ulifanya kazi nyingi, na nyingine hazikuwa zako. Mwanao akiungua vidole, tutamwacha apulize mwenyewe.

Mwanao wa kuondoka,
Mage