Namba aliyoijua kwa kichwa

Shoga, upo? Nimejifungia chooni kwa akina Mweemba. Wenzangu bado wanapanga ile safari ya boti za mpira.

Tulikuwa tunagawana mahema. Hamoonga, mwongozaji wetu, akasema: "Kule korongoni Zambezi hakuna mtandao, simu zenu zinabaki. Mimi ninayo ya setilaiti. Tukipinduka nimpigie nani? Kila mtu anitajie namba anayoijua kwa kichwa."

Mimi nikataja ya mama.

Mume wangu naye akataja namba moja bila kukwama. Bila kukwama, shoga. Sitali huyu huyu, asiyeijua namba yangu mpaka leo.

Hamoonga akauliza, "Ya nani hiyo, kaka?"

"Ya mtu wa nyumbani."

Mtu wa nyumbani. Mweemba akamtania, "Mtoto wa mama wewe!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Hamoonga akairudia ile namba, nami nikaibonyeza kwenye simu yangu. Likatokea jina lako. Na picha yetu ya harusini kwangu.

Hata hasira sina.

Tunaondoka Ijumaa. Usizime simu, Chipego. Tukipinduka, utakayepigiwa ni wewe.