Roboti wa Maktaba Yako, Mama

Mama yangu,

Nimekasirika. Acha nianze na hilo, maana nikianza na habari za mahindi ya kule Theta na nani ameolewa, nitafika mwisho wa karatasi bila kusema kilichonileta. Macho yangu yanakwisha. Daktari wa kliniki ya macho kule Thika anasema ni presha ya macho, na kwamba imekuwa ikinila polepole kwa miaka, kuanzia pembeni, nami sikusikia hata maumivu. Jicho la kushoto karibu limekwenda. La kulia tunalipigania kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni.

"Iliyoenda imeenda," aliniambia. "Sasa tunalinda iliyobaki."

Kisha akauliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuwa na shida hii. Nikajibu bila hata kufikiri: "Hapana, daktari. Kwetu tunaona vizuri sana. Mamangu alikuwa mwalimu wa maktaba." Nilisema kwa maringo, Mama, kama vile nimeulizwa ukoo wa mfalme.

Nilifika kwenye lango la kliniki nisitoke. Nikaketi kwenye ukuta mfupi, kando ya mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, na roboti wako wote wakaanza kunipita kichwani.

Unakumbuka walivyoanza? Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, nami ndiyo kwanza nimeletwa kufundisha shuleni kwako, pale Gitothua. Maktaba yako ilikuwa stoo ya zamani yenye dirisha moja. Siku moja tulipokea makatoni ya vitabu vya msaada, na katikati yake kulikuwa na jarida la watoto lenye picha ya roboti wa chuma. Msichana mmoja wa darasa la nne akauliza, "Madam, hii ni mtu?"

"Hiyo ni mtumishi asiye na akili," ukamjibu. "Inafanya tu vile imeambiwa. Ukiiambia vibaya, inafanya vibaya."

Wiki iliyofuata ulikuwa umekata kadi kutoka kwa makatoni yale yale. Watoto wakaandika amri juu yake: MBELE, KULIA, KUSHOTO, INUA MKONO, CHUKUA. Mmoja alifungwa kitambaa usoni, huyo ndiye roboti. Wenzake walipanga kadi sakafuni, wakazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na roboti akatembea kutoka mezani kwako hadi kwenye rafu kuchukua kitabu ulichokitaja. Alipogonga benchi, chumba kizima kililipuka: "Roboti amegonga! Roboti amegonga!" Nawe hukuinua hata kichwa. Ulisema tu, "Msimlaumu roboti. Kadi gani imekosea? Rudini mwanzo mtafute." Wakarudi, kadi baada ya kadi, wakibishana na kusukumana, hadi wakapata mahali mtu alipoandika KULIA badala ya KUSHOTO. Roboti akaanza upya, akaleta kitabu, akafunguliwa kitambaa, kisha akausoma ukurasa wa kwanza mbele ya wote. Wewe ulisikiliza, shavu likiwa mkononi.

Watoto waliokuwa wakitoroka somo la kusoma walianza kupigania mlango. Hata wale wa darasa la nane, waliojiona wakubwa, walikuja kuchungulia dirishani. Mkaguzi wa shule akatoka Thika, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni, akatazama hadi mwisho. Alisema hajawahi kuona watoto wakifundishwa kuamuru mashine ambayo haipo. "Mwalimu, umetuacha mbali sana," akakuambia, na ukatabasamu kidogo. Mimi nilivimba kichwa. Walimu wenzangu hawakupumua kwa wiki nzima, nikiwasimulia jinsi mamangu anavyofundisha mambo ya kompyuta bila kompyuta.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mwalimu wa maktaba hakuwasomea watoto yeye mwenyewe hata siku moja. Si mkaguzi, si mwalimu mkuu, wala si mimi niliyekuwa nikila mezani kwako kila jioni.

Nikakumbuka pia ile Pasaka tuliyokwenda kuona maporomoko ya Chania. Ulinishika mkono njia yote, nikadhani ni mapenzi ya sikukuu. Tulipofika ukaniambia, "Hebu niambie unaona nini." Nikakueleza maji, povu, mawe meusi, wazungu na kamera zao. "Na upande wa kushoto?" Nikaeleza kushoto. "Na kule chini?" Nilichoka, nikaona unanisahihisha kama insha ya darasa la sita.

"Mami, si uangalie mwenyewe?"

Ukacheka. "Nataka kusikia vile mtu kijana anaona."

Na chai, Mama! Ulikuwa ukimimina huku kidole kikiwa kwenye mdomo wa kikombe, ukisema ni njia ya kupima moto. Miaka yote hiyo sikujiuliza kwa nini mtu achome kidole chake ili kujua kwamba chai ni moto.

Nilitoka Thika moja kwa moja hadi Theta, kwa Tata Njoki. Nilimkuta huyo mdogo wako akilisha ng'ombe. Nikamwambia alichosema daktari. Akaweka ndoo chini.

"Ai, kwani hukuwa unajua?"

"Kujua nini, Tata?"

"Mamako hakuwa anaona. Mwisho mwisho hata mimi alikuwa ananijua na sauti. Hiyo mambo ya roboti, nani unafikiri alikuwa anatafutiwa vitabu?"

"Na mbona hamkuniambia?"

"Alituapisha, wee. Alisema wakijua huko shule watamtoa, na wewe ulikuwa tu umeanza kazi. Hakutaka kukubebesha mzigo." Akaanza kulia, na ikanibidi mimi ndiye nimbembeleze.

Mzigo. Unajua daktari alisema nini nilipomrudia na ukweli? Alisema presha ya macho hutembea katika ukoo. Mtoto wa mwenye nayo hupimwa mapema, anapewa matone mapema, na mara nyingi huzeeka akiona. Kumbe neno lako moja lingetosha. Ungeniambia pale Chania, ukiwa umenishika mkono, jicho langu la kushoto leo lingekuwa hapa likinisaidia kuandika. Ulinificha kitu ambacho kilikuwa changu pia. Nimekwenda kaburini kwako kukuambia hivyo, na nilipofika nikashindwa, nikang'oa magugu nikarudi nyumbani.

Ndiyo sababu barua hii siifungi. Nataka isomwe na kila mtu ambaye mama yake anamimina chai kwa kidole.

Laiti ningeweza kukukasirikia tu. Lakini maktaba sasa ni yangu, Mama. Shule iliniachia mimi kwa sababu ni mimi niliyekuwa najua mchezo. Juzi mtoto mmoja aliniletea kitabu akataka nimsomee mstari. Mawingu yalikuwa yameziba dirisha, na herufi zikawa zinanikimbia. Sikumwambia kwamba sioni. Nilipiga makofi nikasema, "Haya, leo tunacheza roboti!" Watoto wakashangilia. Wakapanga kadi. Nikaketi kwenye kiti chako, nikaegemeza shavu mkononi.

Hapo ndipo nilielewa jinsi ilivyo rahisi. Hakuna uongo uliosema. Ulipiga makofi tu, na kila mtu akafurahi.

Naogopa, Mama. Wacha niliseme bila aibu kwa kuwa wewe hukulisema. Mwalimu mkuu ameshaanza kusema chumba kile kingefaa kuwa darasa, na siku atakayojua, mimi na rafu zako tutatolewa pamoja. Ni kazi gani hapa Ruiru itamtaka mwalimu asiyeona? Natembea shuleni nikigusa kuta kwa siri. Nakariri sura za watoto kama wanavyokariri wao mashairi, kwa haraka, kabla ya mtihani. Nyumbani namkodolea macho binti yangu Wairimu akichana nywele mpaka anauliza, "Mami, niko na nini kwa uso?" Naomba, kisha naona hata Mungu namwomba kwa sauti ya mtu anayegombana. Usiku mwema niliokuwa nikiupata zamani sijui ulikwenda wapi. Wewe ulilibeba hili peke yako kwa miaka yote hiyo? Ulilia wapi? Mbona sikuwahi kukukuta ukilia?

Wairimu, mjukuu wako mwenye jina lako, yuko darasa la kwanza sasa. Ulimwacha akitambaa. Nakumbuka ulivyokuwa ukimpapasa uso, paji, pua, midomo, nami nikikutania kwamba utamchakaza mtoto. Kwa ajili yake nilikata shauri. Sikutaka akae siku moja kwenye ukuta wa kliniki akihesabu mambo yangu ya ajabu.

Jana alasiri tulikuwa tumeketi kwenye ngazi ya jikoni, tukitoa maharagwe kwenye maganda. Nikamwambia yote, kwa maneno ya kadiri yake. Kwamba macho yangu yanaugua. Kwamba yako, wewe Shosho wake, yalikuwa hivyo hivyo na hukutuambia. Kwamba wiki ijayo tutakwenda Thika naye apimwe, na kwamba tutakuwa tukienda kila mwaka, hata akiwa mtu mzima, hata akinikasirikia.

Alipasua ganda jingine.

"Kwa hivyo Shosho hakuwahi kuniona?"

"Alikuona na mikono."

Akalia kidogo, si sana. Akajifuta na gauni. Kisha akauliza lile swali ambalo mimi hukunipa nafasi ya kukuuliza:

"Na wewe Mami, unaniona?"

Alikuwa ameketi kushoto kwangu. Nilikuwa nikisikia maganda yakianguka na sauti yake ndogo, lakini mahali alipokuwa palikuwa giza tu. Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa kwenye ulimi, Mama, tamu kabisa, na angeamini. Nikageuza kichwa chote hadi nikampata.

"Sasa ndiyo nakuona," nikamwambia.

Akanitazama. Akainuka, akachukua sufuria yake ya maharagwe, akanizunguka kwa nyuma, akaketi upande wa kulia.

Lala, Mama. Hasira yangu bado haijaisha, ila leo nimepumua.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.