Kiraka Bila Ufa

Sorcha, shika simu! Mwenzangu, leo nimeumbuka.

Mzee Donncha kaja kutoka Clare kuchukua kinubi chake. Si kile nilichonakili kutoka kwenye cha kale cha makumbusho, nikachimba gogo la mwerebi mpaka viganja vikaota sugu?

Hata hajakigusa, kanyoosha kidole: "Binti, na hiki kiraka cha bati?"

Nami kwa maringo: "Cha kale kinacho, palepale."

"Cha kale kina ufa chini yake. Chako kina nini?"

Sorcha wee, kiraka! Bila ufa! Nimekipigilia misumari mwenyewe kwenye mti mzima! Mzee kacheka mpaka chai ikamwagika.

Akakiegemeza bega la kushoto, akaanza kukaza nyuzi za shaba. Mlio mtamu, hata aibu nikaisahau. Akakaza uzi wa mwisho.

KRAA!

Ufa. Toka msumari hadi msumari, chini ya kiraka changu.

Machozi yakanitoka. Yeye akazipiga tena nyuzi kwa kucha zake ndefu za mpiga kinubi, akatega sikio.

"Nyamaza, mama. Sasa ndiyo kimefanana. Nifungie, naondoka nacho."