Moto Ambao Sikuuona

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Kakese tu wazima. Bibi yako amevuna karanga na anakusalimu. Ya safari iliyotutoa Burundi niyaache. Umeniuliza uanzeje kuwafundisha wanafunzi wako rangi za miali ya moto.

Nilipokuwa mwalimu kijana huku, nilifundishia uani, jua la saa sita, nikiwa nimewasha spiriti kwenye kisahani. Nikadhani moto umezimika, nikainamisha chupa niongeze.

"Mwalimu, acha! Bado unawaka!" akapiga kelele Kabula, binti wa wafugaji.

"Uko wapi?" nikamuuliza, wenzake wakicheka.

Akanionyesha hewa iliyokuwa ikicheza juu ya kisahani, kisha akatoa mfukoni chumvi ya kuwalambisha ng'ombe wao, akainyunyiza kisahanini. Mwali wa njano ukasimama ghafla, shubiri moja tu kutoka kwenye chupa yangu. Ingelipuka katikati ya watoto walionizunguka. Nikaifunga chupa, nikaipeleka mbali.

"Kumbe ulitaka kuunywesha moto, Mwalimu!" Kabula akasema.

Sababu ya njano ile, sodiamu iliyomo kwenye chumvi, niliwaeleza wiki iliyofuata. Wewe anza na chumvi, mama, kivulini, maana juani mwali wa spiriti hauonekani, chupa ikiwa mbali. Na mwanafunzi akikupigia kelele, simamisha mkono kwanza, ndipo uulize.

Babu yako anayekukumbuka