Rangi Yako ya Kucha

Dada Somoe, shikamoo. Kariakoo leo jua linachoma, ila Jangwani bado tope la mvua ya juzi.

Kabla ya mkutano wa kazi ulionileta huku nimepita Msimbazi kwa Mzee Kanti, yule fundi redio aliyenifunza kazi tulipokuwa tukiishi huku. Kazeeka, lakini kila redio akimaliza kuitengeneza bado anadondoshea skrubu tone la rangi ya kucha. Mtu mwingine akiifungua, rangi inapasuka, na Mzee anajua imeguswa.

Nikamwambia, "Mzee, siku hizi mimi ni mkurugenzi wa usalama kwenye kampuni ya ving'amuzi. Nazuia watu wasiibe matangazo ya televisheni. Yote yalianzia kwenye tone lako hili."

Akanimiminia chai ya tangawizi. "Tone langu? Chupa ya kwanza si uliileta wewe?"

Ni kweli, dada. Ni ile nyekundu uliyoiweka kwa ajili ya harusi yako, ikapotea, ukamnunia rafiki yako Asha mpaka leo. Niliichukua mimi. Nisamehe, na asante, maana chupa ile imenilisha maisha yote.

Nimenunua mbili, nyekundu vilevile. Moja yako. Ya pili utampelekea Asha mwenyewe.

Mungu akutunze.

Mdogo wako, Hamisi