Gari Lako Nililizima Mwenyewe

Karakana ya Matairi,
Nyuma ya Maegesho ya Malori.
Jumapili, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa mpwa wangu,

Kabla hata sijakusalimu, futa yote uliyoambiwa. Kinyozi jirani yangu anasema nilizimia kwenye usukani. Uongo. Mama yako anasema niliingiwa na woga, gari likafa lenyewe. Uongo, tena yeye ndiye aliyepaswa kunyamaza kuliko wote. Niliyekuwa ndani ya gari ni mimi, na nimeazima kalamu ili uyapate yalivyo.

Haya, salamu sasa. Hujambo mwanangu? Huko kwenye baridi mifupa inasemaje? Mgongo bado unakusumbua kwa kulala chini ya magari ya watu? Mimi mzima kabisa, ukiacha goti, meno na kidole cha mguu, lakini hayo uliniacha nayo. Mke wangu anasema ule vizuri. Kwenye picha amekuona umekonda kama spana namba nane.

Mwandiko uuvumilie. Shule mimi niliiona nikipita barabarani.

Sasa habari ya gari lako. Uliniomba nilipeleke kwenye mashindano ya kuunguza matairi ili nafasi yako isipotee, ukirudi mwakani ulikute jina lako kwenye orodha. Usidhani nilisahau sheria. Gari limesimama, breki za mbele zimekamata, matairi ya nyuma yanazunguka papo hapo, moshi juu, na huzimi mpaka yote mawili yapasuke. Ukizima kabla, jina linafutwa.

Mama yako unamjua. Tangu siku tulipolitoa gari lile jalalani, wewe na mimi tumelisukuma kama tunaiba, aliapa hatalitazama mpaka anaingia kaburini. Alisema litamzika mtu. Basi sikumuaga hata siku ya shindano.

Na ujinga wangu nao nitauandika, kabla kinyozi hajauongezea chumvi. Miaka arobaini nawahubiria madereva wasome tarehe ubavuni mwa tairi. Wewe mwenyewe nilikuchosha masikio. Halafu mimi huyo huyo nikapanda juu ya bati nikashusha yale mawili yaliyokaa juani tangu hujaondoka. Yamekauka kama biskuti. Nilijiambia, mapya ya nini, ya kuchoma dakika mbili? Mapya ya mazoezi na ya shindano ni kodi ya karakana ya miezi mitatu, na hapo klachi hujaigusa, injini hujaisikia inakohoa. Mchezo huu unakula kuliko watoto mapacha.

Asubuhi ile nikapima uzio wa watazamaji kwa miguu yangu. Sheria yao wenyewe inataka hatua ishirini kutoka gari hadi watu. Nikahesabu tisa. Walikuwa wameusogeza ndani ili mlangoni wauze nafasi zaidi. Nikamfuata mkuu wa mashindano, yule tunayemwita Kipaza kwa sababu hata msibani anaongea kama yuko jukwaani. Akacheka, akasema hatua zangu ni za kizee, fupi. Nikamwambia kama ni fupi basi uzio uko karibu zaidi ya ninavyosema. Hakuelewa. Hesabu si kazi yake.

Nikaendesha hivyo hivyo. Hilo nalibeba mwenyewe.

Mwanangu, moshi niliotoa siku ile, ndege walihama. Mtaa wa tatu walianua nguo. Mshale wa joto ukapanda mpaka ukakosa pa kwenda, mpira wa rejeta ukaanza kuvuja, maji ya moto yananukia miguuni, nami nacheka peke yangu. Mwaka jana mpira kama huo ulimpasukia dereva wa lori la mchanga mapajani, mpaka leo hakai vizuri kitini. Nililijua hilo na bado nacheka. Tairi la kulia likapasuka, watu wakaruka. Bado la kushoto.

Ndipo nikasikia kwa-kwa-kwa chini ya madigadi. Hakuna sikio lingine pale lingejua ile ni nini. Tairi zuri hupasuka likaisha. Tairi kavu linachunika ngozi, na zile waya za ndani zinatoka zikichapa kama mjeledi. Madigadi iling'oka, ikaruka, ikaangukia kati yangu na uzio. Nikageuza kichwa. Moshi ukaachia kidogo, nikamwona mwanamke muuza maji, ndoo kichwani, kifua kimeegemea uzio, sawasawa na tairi langu la kushoto. Hatua tisa.

Ilibaki pumzi tano, sita, tairi liishe na jina lako libaki. Nikazima. Mkono huu, swichi, tik. Sikuzimia, nilizima.

Watu wakazomea. Kipaza akatangaza kwamba injini imezimika kwa uzee, na haijulikani nani atatangulia kaburini, injini au dereva. Nilicheka, utani ulikuwa mzuri. Halafu nikalifungua tairi nikakuta waya urefu wa mkono wangu umesimama nje, umeshikwa na kipande kidogo cha mpira kama ukucha. Hapo sikucheka.

Jumanne Kipaza akaja karakana na karatasi. Inasema gari lilikuwa bovu na uzio ulikuwa mahali pake. Nikiikubali, jina lako linarudi kwenye orodha.

"Weka dole gumba tu hapa, mzee wangu. Nafasi ya binti ibaki."

"Tairi bovu nakubali, liandike hata kwa wino mwekundu. Andika na hatua tisa, nitaweka madole kumi na ya miguu."

"Hilo la hatua haliwezekani."

"Basi na dole haliwezekani."

Akakunja karatasi yake akaondoka. Kwa hiyo jina lako limefutwa, mpwa wangu, na aliyesababisha ni mimi. Kasirika, una haki. Ukija nirushie spana, nitakwepa, bado mwepesi. Lakini kuomba radhi siombi, si kwao, si kwako.

Ule waya nimeutundika juu ya mlango wa karakana. Wenye magari ya mashindano nimewaambia siwafungii tairi hata moja mpaka uzio urudi ishirini. Wawili wamekubali kususia. Wa tatu kaenda kwa fundi wa barabara ya pili, yule anayejaza upepo kwa kukadiria. Mke wangu anasema nimefukuza wateja. Kweli, sasa napata usingizi mzuri wa mchana.

Gari lipo. Klachi imekwisha, rejeta imekwisha, madigadi nimeinyoosha kwa nyundo. Injini nzima, usimsikilize Kipaza.

Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani anayekupikia. Hapa anakusalimu mkaza mjomba wako, anakusalimu baba yako, anakusalimu kinyozi pamoja na uongo wake. Mungu akulindie macho na mikono, mengine yote yana vipuri.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na ukaidi wangu wote.

Wino umebaki, basi na hili. Muuza maji nimemtunga. Aliyekuwa pale kwenye uzio ni mama yako. Amejifunika koti la mvua la baba yako ili asijulikane, na jua linawaka. Ameinua ngumi anapiga kelele. Kusoma kwangu unakujua, lakini mdomo ule niliusoma vizuri: alikuwa anaita jina lako, si langu. Aliniapisha nisikwambie, ndiyo maana anatembeza ile habari ya woga wangu nyumba kwa nyumba, na mimi namwachia. Wakiniuliza huku nasema ningezima kwa yeyote, hata muuza maji nisiyemjua. Wewe nakuambia kweli: nadhani tu ningezima.